Rocky Mountain wakati wa theluji: jasho, upepo na saa ya kugeuka

Swali la kwanza la mtu anayepanga kutembea Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, kule Colorado, kati ya Desemba na Machi huwa ni hili: baridi yake ikoje? Ni swali la haki, ila linampeleka pabaya. Baridi kavu ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ukiwa umevaa sawasawa na miguu inakwenda, inavumilika siku nzima. Yanayowarudisha watu wakitetemeka ni mambo mengine matatu: fulana iliyolowa jasho, upepo uliowakuta nje ya miti, na saa zilizoyoyoma bila mtu kuzitazama. Karibu kila ninachoshauri hapa chini kinarudi kwenye mojawapo ya hayo.

Kwanza uielewe hifadhi ilivyokaa. Mgongo wa milima unaogawa maji ya bara unapita ndani yake. Upande wa magharibi hupata theluji nyingi zaidi. Upande wa mashariki, ulio jirani na mji wa Estes Park, ni mkavu zaidi lakini upepo wake ni balaa. Barabara ya Trail Ridge inayounganisha pande hizo mbili, na inayofika mita 3,713, hufungwa kwa magari tangu katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Mei, kwa hiyo siku yako ni ya upande mmoja tu. Wengi huchagua mashariki, kwa sababu barabara ya Bear Lake huondolewa theluji majira yote ya baridi na inakufikisha mita 2,888 ukiwa bado umekaa kwenye kiti. Kibali cha kuingia kwa saa maalumu, kinachowasumbua watu kiangazi, hakidaiwi wakati huu. Mabasi ya hifadhi nayo hayapo, hivyo eneo la kuegesha magari la Bear Lake hujaa mapema siku za Jumamosi na Jumapili. Fika kabla ya saa 3 asubuhi.

Kufika juu kiasi hicho kwa gari kuna gharama yake. Kwenye mita 3,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 tu ya lile la pwani, na kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa kiwango hichohicho. Aliyetoka uwanda wa chini jana yake ataumwa kichwa, atakosa hamu ya kula, na atachoka mapema kuliko alivyozoea. Kulala usiku mmoja Estes Park, kwenye mita 2,290, kunasaidia. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaongezeka, dawa yake ni kushuka. Usijaribu kushindana nacho.

Sasa njia. Kwa siku ya kwanza, mzunguko wa Sprague Lake wa takribani kilomita 1.3 ni tambarare na unatosha kujaribu vifaa. Ngazi inayofuata ni kutoka Bear Lake kwenda Nymph Lake, kilomita 0.8, kisha Dream Lake, kilomita 1.8 kutoka mwanzo. Ukiendelea hadi Emerald Lake, kwenye mita 3,082, unakuwa umekwenda karibu kilomita 3 na kupanda kama mita 200. Kutoka kituo cha Glacier Gorge kuna Mills Lake, iliyopewa jina la Enos Mills, mtu aliyepigania hifadhi hii hadi ikatangazwa rasmi tarehe 26 Januari 1915. Ni kilomita 4.5 kwenda, nyingi zikiwa ndani ya miti, na kwa maoni yangu ndiyo matembezi bora ya siku moja ya majira ya baridi kwa asiye mtaalamu. The Loch, ziwa lililo bonde la pili, njia yake ina urefu unaokaribiana na huo, ila mdomo wake ni kama filimbi: upepo unatoka bondeni humo kwa nguvu ya kumyumbisha mtu mzima. Siku ya upepo mkali, achana na mabonde hayo yote mawili uende Gem Lake kwenye Lumpy Ridge. Iko chini kidogo, inapata jua, na theluji yake hutoweka upesi, ingawa kwenye vivuli hubaki barafu ngumu kama kioo. Kilele cha Longs, mita 4,346, na hata Chasm Lake iliyo chini yake, usiviweke kwenye orodha ya majira haya kama hujui kutumia shoka la barafu.

Utabiri usomeke kwa vipimo vya wenyeji. Marekani wanatumia Farenhaiti: 32 ni kiwango cha maji kuganda, na 0 ni nyuzi 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Upepo wa maili 30 kwa saa ni kilomita 48. Usiridhike na utabiri wa Estes Park, kwa sababu joto hupungua takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na upepo huongezeka zaidi ya hapo. Nyuzi 10 chini ya sifuri zikipigwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 21 chini. Jambo jingine ambalo wageni hawalifikirii ni miti. Misitu ya hapa ina miti mingi iliyokufa ikiwa imesimama kwa sababu ya mbawakawa wa magome, na upepo huiangusha bila onyo. Usipumzike chini yake.

Nguo ni mahali ambapo watu hutumia fedha nyingi na akili kidogo. Kanuni ni moja: ukiondoka kwenye gari uwe unahisi baridi kidogo. Ukianza ukiwa umejistarehesha ndani ya jaketi nene, baada ya dakika 15 za kupanda utakuwa umelowa mgongoni, na maji hayo yatakunyonya joto siku nzima. Ndani kabisa vaa fulana ya sufu au poliesta. Pamba hapana, hata chupi ikiwezekana, kwa sababu ikishika maji haikauki. Juu yake sweta jepesi la flisi, kisha jaketi jembamba la kuzuia upepo lenye kofia na zipu za kwapani. Jaketi nene la manyoya ya bata linakaa kwenye mkoba, juu kabisa, si chini ya kila kitu.

Hilo la juu kabisa lina sababu. Angalia kinachotokea watu wanaposimama kupumzika. Wanavua mkoba, wanapiga picha, wanatafuta maji, wanazungumza, na baada ya dakika tano mmoja anasema anasikia baridi. Hapo ndipo anaanza kutafuta jaketi, vidole vikiwa vimeshakufa ganzi, na joto aliloingia nalo limeshakwenda. Mpangilio sahihi ni kinyume: unasimama mahali penye kinga ya upepo, jaketi nene linatoka ndani ya dakika ya kwanza na kuvaliwa juu ya kila kitu, zipu hadi kidevuni, kofia kichwani. Kisha unakalia kipande cha godoro la sponji, kwa maana theluji inakunyonya joto kupitia makalio kuliko hewa inavyofanya. Kisha ndiyo maji na chakula. Dakika kumi zinatosha. Jaketi ndicho kitu cha mwisho kuvuliwa, mkoba ukiwa tayari umefungwa, na hatua zinaanza papo hapo.

Ukianza kuhisi unyevu mgongoni wakati wa kupanda, fungua zipu, vua kofia, au punguza mwendo. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Anayejisifu kwamba amefika Emerald Lake kwa dakika arobaini huku fulana inatoa mvuke amejitengenezea tatizo la saa inayofuata.

Glavu chukua jozi tatu: nyembamba za kufanyia kazi, nene zisizotenganisha vidole, na jozi ya akiba kavu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Boshori linalofunika mashavu na pua ni dogo kwenye mkoba na kubwa kwenye upepo. Kwa miguu, soksi moja nene ya sufu inashinda mbili zilizobanana, maana kiatu kikikaza damu haipiti na vidole vinaganda ndani ya soksi nzuri kabisa. Miwani ya jua si pambo. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, na jua la juu huku ni kali. Macho yasiyokingwa huungua, na usiku wake mtu huhisi kama amemwagiwa mchanga ndani ya kope. Paka mafuta ya kukinga jua hata chini ya pua na chini ya kidevu, kwa sababu mwanga unatoka chini pia.

Chini ya viatu kuna vifaa viwili vya kuchagua, na kosa la kawaida ni kubeba kisichohitajika. Njia za Bear Lake hukanyagwa na watu wengi hadi zinakuwa ngumu na kuteleza, kwa hiyo siku nyingi unachotaka ni miiba ya viatu: mpira unaovutwa juu ya buti, chini yake minyororo yenye meno ya chuma ya kama sentimita moja. Ivae pale kwenye gari, mpira ukiwa bado na joto, kwa sababu ukipoa unakakamaa na vidole vyenye glavu havitauweza. Ingiza ncha ya buti mbele kwanza, hakikisha ukanda wa mbele umekaa juu ya vidole na si chini ya soli, kisha vuta nyuma kwa kile kishikio hadi mpira upande juu ya kisigino. Ukiangalia chini, minyororo iwe katikati, isiegemee upande. Tembea hatua ishirini, kisha iangalie tena. Ikichomoka mbele, saizi yako ni kubwa mno, na itakuponyoka hasa wakati wa kushuka. Theluji yenye unyevu nayo huganda chini yake kama donge, na ghafla unatembea kama juu ya mpira wa kuchezea. Gonga upande wa buti kwa fimbo kila baada ya muda. Kwenye mwamba mtupu wa sehemu ndefu, ivue, meno yasije yakawa butu.

Viatu vya theluji, vile vipana vya fremu, vinahitajika theluji ikiwa laini na mguu unazama kupita kifundo hadi muundi. Bila hivyo kila hatua ni kama kuchomoa mguu kwenye tope, na nguvu zinaisha kabla ya kilomita ya pili. Fimbo ziwe na sahani pana chini. Panua hatua kidogo ili usijikanyage, na usirudi kinyumenyume, maana mkia wa kiatu utachimba na utakaa chini bila kupenda. Na kama kuna njia ya watelezaji wa ski, tembea pembeni yake. Mashimo ya miguu yakiganda humo yanaiharibu kabisa.

Alama za njia mara nyingi zimefukiwa, na njia inayoonekana kwenye theluji siyo lazima iwe ile ya ramani. Kwenda Mills Lake, kwa mfano, watu wengi majira ya baridi hukata njia ya mkato inayoyaacha maporomoko ya maji ya Alberta pembeni. Nyayo zinaweza pia kuwa za watelezaji wanaokwenda kwenye mteremko mkali ambao wewe huna shughuli nao. Kwa hiyo usifuate nyayo kama kondoo. Fungua ramani kwenye kila makutano.

Hapo tunafika kwenye poromoko la theluji, na hapa sipunguzi maneno. Mengi huanza kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Si lazima uwe juu ya mteremko huo ili likupate, kwa kuwa theluji hushuka hadi kwenye tambarare la chini na kwenye njia yako. Kutoka Dream Lake kwenda Emerald Lake unatembea chini ya kuta za mlima Flattop, na watu hupita hapo kila siku bila kuinua macho. Kituo cha Taarifa za Maporomoko ya Theluji cha Colorado hutoa utabiri kila siku ya msimu, kwa ngazi ya 1 hadi 5. Usidanganywe na 3 ukadhani ni katikati na kwa hiyo ni salama. Ni ngazi ambayo watu wengi hufa, kwa sababu hatari ni kubwa ilhali mlima unaonekana mtulivu. Ikiwa 3 au zaidi, ishia Dream Lake au kaa ndani ya msitu wenye mwinuko mdogo.

Mteremko unaweza kuupima kwenye ramani kabla ya kutoka nyumbani. Kwenye ramani ya Marekani ya kipimo cha 1:24,000 yenye mistari ya mwinuko ya kila futi 40, yaani mita 12, hesabu nafasi kumi kati ya mistari. Zikiwa zimebanwa ndani ya milimita 9, hapo ni nyuzi 30 au zaidi. Uwanjani, ishara za kukugeuza ni hizi: poromoko jipya unaloliona mahali popote jirani, nyufa zinazokimbia kwenye theluji kutoka mguuni, mlio mzito wa theluji kushuka chini yako kama pumzi, theluji nyingi iliyodondoka au kupeperushwa na upepo saa 24 hadi 48 zilizopita, na joto lililopanda ghafla. Ishara moja inatosha. Anayetaka kuingia kwenye miteremko hiyo anahitaji kifaa cha kutafutana, kijiti kirefu cha kuchomeka kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa, koleo, mafunzo, na wenzake wenye vyote hivyo, kwa sababu nafasi ya kupona ya aliyefukiwa hupungua kwa kasi baada ya dakika 10 hadi 15. Hakuna kikosi cha uokoaji kitakachofika hapo kwa muda huo.

Maziwa yakiganda huvutia, na watu huyakatiza. Kwenye maingilio na matokeo ya maji barafu ni nyembamba hata katikati ya Januari, na theluji juu yake huificha. Kando ya ziwa kuna njia, itumie.

Maji: lita moja na nusu hadi mbili. Mrija wa mfuko wa maji huganda ndani ya nusu saa, uache nyumbani. Chupa ya mdomo mpana iweke kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu, na kwa kuipindua barafu inatengenezeka kwenye kitako huku mdomo ukibaki wazi. Kifuniko kikaze sana, ukijaribu nyumbani kwanza juu ya sinki. Chupa ya chai yenye kinywaji cha moto na sukari ina thamani mara mbili ya uzito wake. Chakula kikate vipande vidogo kabla, kwa maana kilichoganda huvunja meno, na kula kidogo kila baada ya dakika 45 badala ya kungoja mlo mmoja mkubwa. Simu na betri za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Baridi hula chaji hata kama hutumii. Mtandao wa simu kwenye mabonde haya ni wa kubahatisha, kwa hiyo pakua ramani mapema, beba ya karatasi na dira, na kama unacho kifaa cha kutuma ujumbe kwa setelaiti, kichaji. Tochi ya kichwani, ndiyo, hata kama unarudi mchana.

Saa sasa. Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza karibu saa 1:20 asubuhi na kuzama karibu saa 10:40 jioni. Lakini vilele viko magharibi ya mabonde, kwa hiyo kivuli kinaingia mapema zaidi na baridi inashuka nacho palepale. Panga kuwa kwenye gari saa 9 alasiri. Hesabu ya kiangazi ni kilomita 5 kwa saa, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenye theluji iliyokanyagwa ongeza nusu, kwenye theluji laini zidisha mara mbili. Mills Lake, inayochukua saa moja na robo kiangazi, hapo inakuwa saa mbili hadi mbili na nusu kwenda tu. Ukiondoka saa 3:30 asubuhi, saa ya kugeuka iwe saa 6:15 mchana, ziwa umeliona au hujaliona. Iandike, umwambie mwenzako. Mtu mmoja asiyekuwemo kwenye safari abaki na jina la njia, namba ya gari, na saa ya kupiga 911, namba ya dharura ya Marekani, kama hamjasikika.

Mwili ukianza kushindwa, mwenye tatizo ni wa mwisho kujua. Mtazame mwenzako: anajikwaa, anashindwa kufunga zipu, maneno yanamponyoka, anakuwa mkali bila sababu au anasema tu "niko sawa" kwa sauti ya usingizi. Mkinge na upepo, mvue nguo zilizolowa, mvalishe kavu, mkalishe juu ya sponji na mikoba, mpe kitu cha moto chenye sukari kama anameza vizuri. Pombe hapana. Kutetemeka kukikoma huku bado amepoa, si nafuu. Ni hatari, na msaada uitwe. Ngozi ya pua, masikio au vidole ikigeuka nyeupe na kukosa hisia, ipashe kwa kiganja au kwapa mara moja. Usisugue, na usisugue kwa theluji hata kidogo, hayo ni ya zamani na yanaumiza. Ikiwa imekuwa ngumu kama nta, usiiyeyushe njiani kama inaweza kuganda tena, kwani kuganda mara ya pili ndiko kunakoharibu zaidi.

Wanyama hawana shida nyingi majira haya, ila kanuni inataka mita 23 kutoka kwa kulungu wakubwa wa hapa (elk) na mita 36 kutoka kwa musi (moose), mkubwa zaidi wa jamii hiyo ya kulungu, ambaye akilaza masikio usingoje kuuliza. Mbwa hawaruhusiwi kwenye njia, hata kwa kamba.

Kwenye gari, kabla ya kuwasha hita na kujilegeza, vua soksi zenye unyevu uvae kavu, kisha mpigie yule aliyebaki na ratiba yako mara tu mtandao ukirudi. Miiba ya viatu isikae kwenye mfuko uliolowa hadi wiki ijayo. Ining'inize ikauke usiku huohuo, la sivyo utaikuta imepata kutu kwenye viungo vya minyororo, na hapo ndipo hukatikia.